Kadi Yasema, Damu Yathibitisha: Kinga ya Pepopunda katika Uwanda wa Ufipa

Kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa umeinuka uwanda wa Ufipa, nchi ya nyasi, upepo na baridi, na mji wa Sumbawanga umejengwa juu yake katika kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Wakazi wake wengi ni wakulima na wafugaji. Tangu zamani Wafipa wamelima kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba: majani hukusanywa, hufunikwa kwa udongo na kuachwa yaoze, kisha mbegu hupandwa katika rutuba hiyo. Baadaye likaja jembe la kukokotwa na maksai, na samadi ya zizini ikapelekwa shambani. Kwa jasho la wakulima hao Mkoa wa Rukwa umehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa maghala ya mahindi ya Tanzania.

Hata hivyo, udongo uleule unaolisha watu, hasa udongo uliochanganyika na samadi, ndimo kinamokaa kiini cha ugonjwa wa pepopunda. Mkulima aliyejikata kwa jembe, mtoto aliyechomwa na mwiba akichunga ng'ombe, na mama anayejifungua mahali pasipo safi, wote hukutana na adui huyo mmoja. Hakuna namna ya kuusafisha uwanda mzima usiwe na viini hivyo. Kinachowezekana ni kuuandaa mwili wa kila mtu ili, viini vikiingia, sumu yao isipate nafasi ya kudhuru.

Kazi hiyo hufanywa kwa chanjo. Lakini wataalamu hawaridhiki na kuhesabu sindano peke yake. Kadi ya kliniki hueleza tarehe ambayo chanjo ilitolewa. Haiwezi kueleza jinsi mwili ulivyoipokea, wala kama kinga iliyopatikana miaka kumi iliyopita ingaliko. Jibu la maswali hayo limo katika damu, na makala haya yanaeleza jinsi jibu hilo linavyotafutwa na mambo ambayo limekwisha kufunua.

KIINI NA SUMU YAKE

Kiini cha pepopunda ni bakteria aitwaye Clostridium tetani. Huishi katika matumbo ya ng'ombe, farasi, punda, kondoo na wanyama wengine bila kuwaletea maradhi, na hutoka pamoja na kinyesi. Ardhini hukaa katika hali ya spora, yaani chembe ndogo mno iliyojifunga ndani ya ganda gumu. Spora hustahimili jua, ukame na dawa nyingi za kuulia vijidudu, na huweza kungoja udongoni kwa miaka mingi. Hata maji yanayochemka hayaaminiki kuziua zote. Ndiyo sababu hospitali husafisha vyombo vya upasuaji kwa mvuke wenye mgandamizo, katika joto la digrii 121 za Selsiasi, kwa muda wa dakika 15 au zaidi.

Spora ikikaa juu ya ngozi isiyo na jeraha haina madhara. Ikiingizwa ndani ya kidonda chenye kina, penye nyama iliyokufa na pasipofikiwa na hewa, huamka, huzaana na kuanza kutoa sumu. Kiini chenyewe hubaki palepale jerahani. Sumu ndiyo inayosafiri. Hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo, na huko huzuia ishara ambazo kwa kawaida huamuru misuli ilegee. Misuli hukaza isiweze kulegea. Taya hufunga, shingo hukakamaa, mgongo hupindika kama upinde, na kelele ndogo au mwanga wa ghafla hutosha kumtia mgonjwa katika mtukutiko wenye maumivu makali. Dalili hizi huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, wakati ambapo jeraha lenyewe huenda limekwisha kusahauliwa.

Nguvu ya sumu hii ni ya kutisha. Yakadiriwa kuwa nanogramu 2.5 kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili zatosha kumwua binadamu; nanogramu moja ni gramu iliyogawanywa katika sehemu bilioni moja. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60, hesabu hiyo ni nanogramu 150 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Hapo ndipo linapotokea jambo linalowashangaza watu wengi. Mtu aliyeugua surua akapona huwa na kinga dhidi ya surua maisha yake yote. Aliyeugua pepopunda akapona hana kinga ya kutegemewa. Kiasi cha sumu kinachoangusha mwili ni kidogo mno hata mwili hauwahi kuitambua na kujifunza namna ya kuipinga. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona hana budi kuchanjwa kama yule ambaye hajaugua kamwe.

Jambo la pili ni kwamba pepopunda haiambukizwi na mtu kwa mtu. Kwa maradhi kama surua, watoto wengi wa kijiji wakichanjwa, yule mmoja asiyechanjwa hupata nafuu kwa kuwa ugonjwa hukosa njia ya kumfikia. Kwa pepopunda nafuu hiyo haipo. Kijiji kizima chaweza kuwa na kinga, lakini asiyekuwa nayo akikanyaga msumari yuko hatarini kana kwamba hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Hapa kila mwili hujitegemea, na ndiyo maana ni muhimu kujua ni nani hasa aliye na kinga na nani asiye nayo.

MWILI UNAVYOFUNDISHWA

Ujuzi wa kuipinga sumu hii ulianza kukusanywa katika karne ya 19. Mwaka 1884 madaktari wawili wa Italia, Carle na Rattone, walionyesha kwamba ugonjwa huu waweza kuhamishwa kutoka kwa binadamu hadi kwa mnyama, na mwaka huohuo Arthur Nicolaier wa Ujerumani akawapa wanyama pepopunda kwa kuwatia udongo chini ya ngozi. Mwaka 1889 mtaalamu wa Japani, Shibasaburo Kitasato, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alifaulu kukitenga na kukiotesha kiini chenyewe. Mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring walitangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ina kitu kinachoweza kuitangua sumu hiyo, na kwamba kitu hicho kikitiwa katika mnyama mwingine humkinga naye pia.

Kitu hicho ndicho kinachoitwa leo kingamwili. Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na baadhi ya chembe nyeupe za damu. Kila aina ya kingamwili ina umbo linalolingana na kitu kimoja mahususi, kama ufunguo unavyolingana na kufuli yake. Kingamwili ya pepopunda huikamata sumu ya pepopunda ingali katika damu na majimaji ya mwili, kabla haijashika mishipa ya fahamu. Sumu ikishaingia ndani ya mishipa hiyo, kingamwili haiwezi kuifuata. Kwa sababu hiyo kinga yapasa iwepo mapema. Haifai kuanza kutafutwa baada ya taya kukaza.

Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, aligundua kwamba sumu ikitiwa formalini na kuwekwa mahali penye joto kwa muda hupoteza uwezo wake wa kudhuru lakini hubaki na umbo ambalo mwili unaweza kulitambua. Sumu iliyofanywa kuwa butu namna hiyo huitwa toksoidi, nayo ndiyo chanjo ya pepopunda inayotumika mpaka leo, mara nyingi ikiwa imechanganywa na chanjo za maradhi mengine.

Mwili haujifunzi kwa somo moja. Baada ya sindano ya kwanza kingamwili hutokea polepole na kwa uchache, na mtu hawezi kuhesabiwa kuwa amekingwa. Sindano ya pili, ikitolewa baada ya wiki zisizopungua 4, huamsha chembe za kumbukumbu zilizoachwa na ile ya kwanza, na kingamwili huongezeka kwa haraka. Kwa mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba sindano ya pili hutoa kinga ya miaka 3 hivi. Ya tatu, baada ya miezi 6, kinga ya miaka 5. Ya nne, baada ya mwaka mmoja, kinga ya miaka 10. Na ya tano, baada ya mwaka mwingine, kinga ya muda wote wa kuzaa. Sindano zikiishia mbili au tatu, kingamwili hupungua mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja hazitoshi.

NAMNA DAMU INAVYOPIMWA

Kipimo cha kwanza kilichoaminiwa kilitumia panya. Maji ya damu, yaani seramu, yalichanganywa na kiasi cha sumu kinachojulikana, kisha mchanganyiko ukadungwa panya, na panya wakaangaliwa kwa siku kadhaa. Wakibaki hai bila dalili, ilikuwa dhahiri kwamba seramu ilikuwa na kingamwili za kutosha kuitangua sumu yote. Wakikakamaa, kingamwili hazikutosha. Kwa kurudia jaribio kwa vipimo mbalimbali, wataalamu waliweza kukadiria wingi wa kingamwili katika yuniti za kimataifa. Kipimo hiki hupima kitu chenyewe kinachotakiwa, yaani uwezo wa kutangua sumu. Lakini ni cha gharama, huchukua siku nyingi na huangamiza wanyama.

Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Sweden walieleza njia nyingine, inayojulikana kwa jina la Elisa, ambayo imeenea katika maabara nyingi za dunia. Hutumika sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96. Kila kishimo hupakwa toksoidi, nayo hugandamana na plastiki. Kisha hutiwa seramu ya mtu anayepimwa, ikiwa imezimuliwa. Kama ina kingamwili za pepopunda, hizo huikamata toksoidi na kushikamana nayo. Vitu vingine vyote huondoshwa kwa kuosha. Baadaye hutiwa kingamwili ya pili, iliyotengenezwa maabara, ambayo hushikamana na kingamwili za binadamu na ambayo imefungwa kimeng'enya. Huoshwa tena, na mwisho hutiwa maji maalumu ambayo kimeng'enya hicho huyabadilisha rangi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kingamwili zilivyo nyingi katika damu ya mtu yule. Mashine husoma ukolezi wa rangi, na matokeo hulinganishwa na seramu ya kulinganishia ambayo nguvu yake inajulikana. Kwa saa chache damu za watu wengi huwa zimepimwa.

Mtu akipimwa kwa panya, yuniti 0.01 katika mililita moja ya seramu huchukuliwa kuwa mpaka wa chini wa kinga. Kwa Elisa ya kawaida mpaka huwekwa juu zaidi, aghalabu yuniti 0.1, kwa sababu Elisa huhesabu hata kingamwili dhaifu zinazoshikamana na toksoidi bila kuwa na uwezo wa kuitangua sumu yenyewe. Mpaka huo usidhaniwe kuwa ukuta. Wamepatikana wagonjwa wachache waliokuwa na kingamwili kuupita mpaka, nao wakaugua, ama kwa sababu sumu ilikuwa nyingi ama kwa sababu kingamwili zao hazikuwa na nguvu ya kushikamana.

Nguvu hiyo ya kushikamana nayo hupimwa. Said Aboud wa Muhimbili na wenzake walipochunguza watoto wenye umri wa mwaka 1 hadi 15 katika Dar es Salaam na Bagamoyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walipima mambo yote mawili: wingi wa kingamwili na ushupavu wake. Kazi hiyo ni ushahidi kwamba maswali haya yamekuwa yakishughulikiwa na wanasayansi wa Tanzania wenyewe, katika damu ya watoto wa Tanzania.

Kuna matumizi mengine ya kipimo hiki ambayo yahitaji damu ya mara mbili. Sampuli ya kwanza huchukuliwa kabla ya chanjo, na ya pili wiki 4 hivi baadaye. Tofauti kati ya sampuli hizo ndiyo itikio la mwili kwa chanjo. Kwa kawaida tofauti huwa kubwa na dhahiri. Ikiwa mtoto aliyechanjwa vizuri haonyeshi ongezeko lolote, na anaugua maradhi ya kuambukiza mara kwa mara, daktari hupata sababu ya kushuku kwamba kiwanda chenyewe cha kingamwili mwilini mwake kina hitilafu. Hapo chanjo ya pepopunda huwa kama mtihani mwepesi unaopewa mwili ili uonyeshe uwezo wake.

Kwa mahali kama Sumbawanga, ambapo ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, swali la kusafirisha damu si dogo. Damu ya mshipani hutenganishwa seramu na kuhifadhiwa katika ubaridi. Njia nyepesi zaidi ni ya tone la damu ya kidole linalodondoshwa juu ya karatasi ya kuchujia na kuachwa likauke. Karatasi hiyo, ikitiwa katika mfuko pamoja na dawa ya kunyonya unyevu, husafiri kama barua. Maabara hukata kipande kidogo cha doa, hukiloweka, na kingamwili hutoka tena zikiwa tayari kupimwa. Kwa njia hii hata kijiji kilicho mbali kando ya Ziwa Rukwa au bonde la Kalambo chaweza kuchunguzwa bila jenereta wala gari la barafu.

KINGA YA MAMA KWA MTOTO

Katika kundi zima la wagonjwa wa pepopunda, hakuna anayestahili huruma kuliko mtoto mchanga. Kitovu kikikatwa kwa kiwembe kichafu au kupakwa udongo, majivu au samadi, spora hupata jeraha jipya la kuingilia. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 hushindwa kunyonya, hukakamaa na kutukutika. Bila matibabu ya hali ya juu wengi wao hufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani.

Mtoto huyo hawezi kuchanjwa mapema kiasi cha kuwahi. Anayechanjwa ni mama yake. Kingamwili za mama hupita katika kondo la nyuma, hasa katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na mtoto huzaliwa nazo katika damu yake. Kwa hiyo sindano ya pili yapasa itolewe angalau wiki 2 kabla ya kujifungua, ili mwili wa mama upate muda wa kutengeneza kingamwili na kuzipitisha. Damu ya kitovu, inayopatikana bila kumchoma mtu yeyote, ikipimwa huonyesha wazi kile ambacho mtoto amerithi. Vipimo vya namna hiyo katika nchi mbalimbali za Afrika vimeonyesha kwamba malaria katika kondo la nyuma na maambukizo ya virusi vya UKIMWI huweza kupunguza kiasi kinachopita. Jambo hili lina maana katika Rukwa, ambako mabonde ya maziwa mawili yana joto na mbu kuliko uwanda wa juu: akina mama wawili wenye kadi zinazofanana huenda wasiwape watoto wao urithi sawa.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza Tanzania mwaka 1975. Mwaka 1989 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuitokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, na kipimo kilichowekwa ni kwamba katika kila wilaya wagonjwa wawe pungufu ya mmoja kwa watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Tanzania ilithibitishwa kufikia lengo hilo mwaka 2012. Ushindi huo ni mkubwa, hasa kwa mikoa kama Rukwa ambamo kwa miaka mingi akina mama wengi walijifungulia nyumbani. Lakini haufanani na ushindi dhidi ya ndui. Ndui ilikwisha duniani. Spora za pepopunda zingali udongoni, na kizazi kitakachoacha kuchanjwa kitazikuta zikingoja.

BARIDI YA FRIJI

Wahudumu wa afya wamefundishwa kwa haki kuogopa joto, kwa kuwa joto huharibu chanjo nyingi. Chanjo ya pepopunda, hata hivyo, hustahimili joto kuliko nyingi nyingine; adui wake mkubwa ni barafu. Ndani ya chupa yake mna chumvi za alumini zinazobeba toksoidi na kuusaidia mwili kuitambua. Chanjo ikiganda, chembe hizo hushikana na kuwa mabonge, na nguvu yake hupungua sana hata baada ya kuyeyuka. Inapasa itunzwe kati ya digrii 2 na 8 za Selsiasi.

Katika zahanati, hatari hiyo hutoka kwenye friji iliyowekwa vibaya, ambayo usiku wa baridi kali wa Juni au Julai hushuka chini ya sifuri, au kwenye chupa iliyogusana na vipande vya barafu ndani ya sanduku la kubebea. Muuguzi anayeshuku chupa hufanya jaribio la kutikisa: chupa moja ya aina ileile hugandishwa makusudi na kuyeyushwa, kisha hutikiswa pamoja na ile inayoshukiwa, na zote mbili huachwa zitulie. Chanjo iliyoganda hutuama upesi na kuacha maji maangavu juu. Iliyo nzima hubaki na ukungu kwa muda mrefu.

Mama aliyedungwa chanjo iliyoganda huandikiwa kadini sawasawa na mama aliyedungwa chanjo nzima. Karani hana njia ya kuwatofautisha. Kipimo cha damu chaweza. Ikiwa wanawake wa eneo moja wenye sindano kamili wana kingamwili chache kuliko ilivyotazamiwa, hilo ni ishara kwamba mahali fulani kati ya bohari na bega la mama pametokea kasoro inayopaswa kutafutwa.

PENGO LILILOFUNULIWA

Kipimo kimefunua pia jambo ambalo takwimu za chanjo hazikulionyesha. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa damu uliofanywa katika sehemu za Kenya, Tanzania na Msumbiji. Watoto wadogo walikuwa na kinga nzuri kwa jumla, na wanawake wa umri wa kuzaa hali kadhalika. Pengo lilionekana kwa watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 14, na kwa wanaume wa miaka 15 na kuendelea.

Sababu si ngumu kuelewa. Mtoto wa Tanzania hupewa chanjo za kwanza katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kingamwili hizo hupungua anapokua, na pasipokuwa na sindano ya kuamsha kumbukumbu ya mwili, hufika umri wa kuchunga na kulima akiwa na akiba ndogo. Msichana akiwa mama hupata sindano nyingine kliniki. Mvulana hana kliniki inayomngoja. Kwa miaka mingi mpango wote ulielekezwa kwa mama na mtoto, na kwa haki, kwa kuwa huko ndiko vifo vilikokuwa vingi. Lakini mwanamume, ambaye hushika jembe, shoka na nira kila siku, akasahauliwa.

Pengo hilo lilipata uzito mpya tangu mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tohara ya hiari ya wanaume iwe mojawapo ya njia za kupunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Rukwa ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyolengwa, kwa sababu tohara haikuwa desturi ya wengi. Katika nchi zilizoendesha mpango huo walijitokeza wagonjwa wachache wa pepopunda baada ya tohara. Idadi yao ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na mamilioni waliotahiriwa, lakini ilitosha kuonyesha kwamba vijana wengi walifika mbele ya daktari bila kinga. Shirika hilo likasisitiza usafi wa kidonda na utoaji wa chanjo kulingana na njia ya tohara inayotumika. Mwaka 2017 lilipendekeza pia kwamba kila mtoto, wa kike na wa kiume, baada ya chanjo zake tatu za kwanza apate nyingine tatu za nyongeza: katika mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Anayepata zote sita hutarajiwa kuwa na kinga katika ujana na sehemu kubwa ya utu uzima, awe mama au mkulima.

HOFU YA KUTOLEWA DAMU

Uchunguzi wa damu vijijini hukutana na kikwazo kisichokuwa cha kitaalamu. Afrika ya Mashariki inazo hadithi za tangu enzi ya ukoloni juu ya mumiani, watu waliodhaniwa kuwanyonya wengine damu ili wakaiuze. Mgeni mwenye koti jeupe na sindano, anayechukua damu ya mtu asiye mgonjwa na kuondoka nayo, hufanana mno na hadithi hizo. Kumcheka mwananchi mwenye hofu hiyo si jibu. Yapasa aelezwe kwamba tone la kidole ni kidogo kuliko damu inayopotea kwa mchubuko wa mwiba. Kwamba ana haki ya kukubali au kukataa. Na kwamba utafiti wa namna hii hufanywa kwa kibali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ni miongoni mwa vyombo vinavyosimamia wajibu huo. Zaidi ya yote, matokeo yapasa yarudi kijijini. Wazee waliokubali watu wao wachomwe kidole wana haki ya kusikia yaliyoonekana, na waliokutwa bila kinga wana haki ya kuchanjwa.

MATUMIZI NA MIPAKA

Isieleweke kwamba kila mwenye jeraha apimwe kingamwili kabla ya kutibiwa. Mkulima wa Laela aliyejikata kwa jembe hawezi kungoja majibu ya Elisa. Jeraha lake lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, nyama iliyokufa iondolewe na mganga, naye aulizwe historia ya chanjo zake. Asiyekumbuka, au asiye na kadi, huhesabiwa kuwa hakuchanjwa, na hupewa chanjo; jeraha likiwa chafu au lenye kina, huongezewa kingamwili zilizotayarishwa ili zimlinde mpaka mwili wake utengeneze za kwake. Kisha arudi kumaliza sindano zilizobaki, kwa maana moja haitoshi.

Kazi ya kipimo ni nyingine. Humwezesha mganga mkuu wa mkoa kujua kama kazi ya mwaka mzima imeingia katika miili ya watu au imeishia katika madaftari. Huonyesha kama friji za zahanati zimetunza walichokabidhiwa wahudumu. Humwambia mpangaji ni rika gani na jinsia gani iliyoachwa nyuma. Na mara nyingi huleta habari njema, kwa kuwa wanawake wengi waliopoteza kadi zao na kusahau idadi ya sindano hukutwa na kingamwili tele: mwili ulikumbuka yale ambayo karatasi ilipoteza.

Kadi ya kliniki basi itunzwe, kwani bila hiyo muuguzi hufanya kazi gizani. Lakini katika uwanda ambao kila msimu watu hurudi kuushika udongo kwa mikono yao, uhai wa kila mmoja hutegemea kingamwili zilizomo katika damu yake mwenyewe, na njia ya kuzipata ni fupi kuliko njia ya kwenda shamba: ni ile iendayo zahanati, nayo inamhusu baba na kijana wa kiume kama inavyomhusu mama.